Mrejesho: Nimehamia upande wa malipo

Wakuu, niliuliza hapa nibaki kutengeneza programu za simu kwa zana ya Flutter au nihamie mifumo ya malipo, yaani lugha ya Java na hifadhidata. Nimehamia. Ofisi iko Posta, Dar, mshahara umepanda kiduchu, na basi la mwendokasi la asubuhi kutoka Kimara mnalijua wenyewe.

Ila kazi tamu! Nilianza na muamala uliokatwa mara mbili: mteja kabonyeza, mtandao ukayumba, simu ikatuma ombi tena. Dawa yake, kila ombi linabeba namba yake ya kipekee. Mfumo ukiiona tena unarudisha jibu lile lile, haukati hela. Kule kwenye Flutter nilikuwa nabishana na wateja kuhusu rangi za vitufe.

Mkuu uliyesema nisiiache Flutter kabisa, vibarua vya wikiendi bado nachukua.