Friji la kujengewa ukutani: upande wa friji una nyuzi 12, friza iko sawa. Niruhusu fundi aongeze gesi?

Mdau_wa_Pwani aliuliza:

Wakuu habari. Naomba msaada wa mafundi baridi. Kuna friji kubwa la kujengewa ukutani, la Kimarekani, upana inchi 48, friza kushoto na friji kulia. Mashine yake iko juu, nyuma ya grili. Lipo Dar, karibu na bahari. Friza inashika −18 bila shida, ila upande wa friji umepanda hadi nyuzi 12 na kompresa yake (pampu ya gesi) haipumziki. Taa inawaka na feni ya ndani inazunguka. Fundi amepachika geji (kipima presha), akasema presha ni ndogo, gesi imepungua, anataka kuongeza. Kibao cha ndani kinasomeka 115V, 60Hz, R134a (aina ya gesi), na linatumia transfoma ya kushusha umeme. Nimruhusu, au kuna vya kupima kwanza? Natanguliza shukrani.

FundiBaridi_255:

Asiongeze bado, mkuu. Kama lina kompresa mbili, basi kuna sakiti mbili zisizochangia gesi, kwa hiyo uzima wa friza hausemi lolote kuhusu gesi ya upande wa pili. Na gesi haiishi kwa kutumika. Ikipungua kuna tundu, na anayeongeza bila kulitafuta anajitengenezea safari ya kurudi.

Anza juu. Zima breka, fungua grili, tazama kondensa (koili inayotoa joto nje). Vitabu vya watengenezaji huzungumzia usafi wa kila miezi 6 hadi 12, lakini pwani vumbi hushikana na chumvi, kwa hiyo fanya kila miezi 3. Tumia brashi laini na mashine ya kufyonza vumbi, ukifuata mapezi yalivyosimama. Ukipiga brashi kwa kukatiza, mapezi yanalala na hewa haipiti tena. Zungusha feni ya kondensa kwa kidole: ikiwa nzito au inayumba, beringi imekwisha. Kondensa chafu huumiza pande zote mbili, kwa hiyo friza kushika −18 kunapunguza shaka hapa, hakuiondoi.

Halafu kipimo chenye maana zaidi, nacho hakihitaji geji. Ndani ya friji toa shelfu, fungua kifuniko cha nyuma uione evapareta (koili inayopoza ndani). Funga mlango, washa breka, acha kompresa ifanye kazi dakika 20 hadi 30, kisha fungua uangalie barafu imekaaje:

- Barafu nyembamba imeenea koili nzima: gesi ipo. Tafuta tatizo kwenye mzunguko wa hewa, sensa au mlango.
- Mizunguko michache ya mwanzo ina barafu, inayobaki ni mikavu na vuguvugu: gesi ni pungufu, au kapilari (bomba jembamba linalopitisha gesi kwenda evapareta) imeziba nusu.
- Hakuna barafu hata kidogo na kompresa inanguruma: gesi imeisha, au kompresa haisukumi.
- Bonge la barafu limefunika mapezi: gesi iacheni. Kagueni mpira wa mlango, tundu la maji ya kuyeyuka na mfumo wa kuyeyusha barafu.

Mpira pimeni kwa noti: ibane mlangoni, ivute, zunguka pande zote nne. Ikitoka bila ukinzani hapo hewa inaingia. Kwenye mafriji ya kujengewa mara nyingi mpira hauna kosa. Mlango ndio umelala kwa uzito wa ubao wa mapambo uliofungwa mbele yake, basi rekebisheni bawaba kabla ya kununua mpira mpya.

Na kama geji ilipachikwa kwa vali ya kutoboa bomba, ile vali isiachwe pale. Nayo huvuja.

Transfoma_Mbili:

Kabla ya gesi, someni tena kibao: 60Hz. Transfoma inashusha volti tu, haigusi masafa. Umeme wetu ni 50Hz, kwa hiyo kompresa ya kawaida inazunguka kwa 5/6 ya kasi yake na inasukuma pungufu kwa takriban asilimia 17. Kibaya zaidi, mota iliyotengenezwa kwa volti 115 na 60Hz ingetaka kama volti 96 kwenye 50Hz. Ukiipa 120 chuma chake kinashiba sumaku, inavuta ampea nyingi na kuchemka. Likifanya kazi vizuri msimu wa baridi kisha likazidiwa joto la Januari, mimi nashangaa kidogo tu.

Kompresa za inveta hazina tatizo hilo, maana umeme unageuzwa kuwa DC kwanza. Kwa hizi za zamani pimeni mambo mawili: volti kwenye plagi ya friji wakati kompresa inawaka, si wakati imetulia, na ampea wakati inazunguka, mlinganishe na kibao. Volti ikianguka chini ya 103 hivi wakati wa kuwaka, transfoma ni ndogo au waya ni mwembamba. Wekeni pia kifaa cha kulinda friji kinachochelewesha umeme dakika 3 hadi 5 baada ya kukatika, ili presha za pande mbili zilingane kabla kompresa haijaanza tena.

Kapilari:

Naongeza la sensa ya joto kwa atakayekuta barafu imeenea vizuri lakini chakula bado vuguvugu. Chomoa sensa, iweke kwenye glasi ya barafu iliyosagwa na maji kidogo, subiri dakika 5, pima kwa mita. Sensa nyingi za kiloomu 10 kwenye nyuzi 25 husoma kati ya kiloomu 27 na 33 kwenye sifuri. Nyingine ni za kiloomu 5, kwa hiyo tafuta jedwali la modeli yako kwanza. Sensa ikipotoka kidogo tu, bodi inaweza kudhani ndani kuna baridi ya kutosha na kuzima kompresa mapema. Hilo si la Mdau, kwa kuwa kompresa yake haizimi.

Hita ya kuyeyusha barafu usiibahatishe. Volti zidisha kwa volti, gawa kwa wati: hita ya wati 400 kwa volti 115 inapaswa kusoma kama oomu 33, ya wati 200 kwa volti 230 kama oomu 265.

Geji_Mpya:

Siku hizi kuna dawa ya kuziba matundu, inaingizwa pamoja na gesi. Si rahisi zaidi kuliko kukata mabomba?

FundiBaridi_255:

Usithubutu. Kapilari ina tundu la milimita 0.6 hadi 0.8 hivi. Dawa inayoziba mahali panapovuja inaweza kuziba na hapo, na ukishaifikisha huko umejiongezea kazi.

Na kuhusu kusoma geji: kwa R134a, evapareta ikiwa −20, upande wa chini (wa presha ndogo) husoma takriban psi 5 tu. "Presha ndogo" peke yake haithibitishi kitu. Kwa R600a, gesi nyingine ambayo ipo kwenye mafriji mengi mapya, upande wa chini hukaa chini ya sifuri ya geji na mashine ikiwa nzima kabisa. Tena hiyo inashika moto, na ujazo wake ni gramu chache. Asiyeizoea asiifungue.

Mdau_wa_Pwani:

Asanteni sana wakuu. Kondensa imesafishwa. Plagi inasoma volti 112 kompresa ikiwaka, ampea ziko chini kidogo ya za kibao. Barafu ipo mizunguko mitatu ya juu tu, chini kukavu.

Kapilari:

Ampea ndogo pamoja na barafu nusu, mashine haina mzigo. Ni kuvuja au kuziba. Kutenganisha: zima, tazama geji ya upande wa chini. Ikipanda haraka kama kawaida lakini ikasimama mahali pa chini kuliko inavyostahili kwa joto la chumba, gesi ni pungufu. Ikipanda kwa kujikongoja, kapilari au draya (kichujio cha unyevu kabla ya kapilari) imeziba.

Ikiwa ni pungufu, gesi ikusanywe kwenye chupa, kisha evapareta itenganishwe na kupimwa peke yake kwa naitrojeni na povu la sabuni. Msivuke presha ya upande wa chini iliyoandikwa kwenye kibao. Mimi ningeanza hapo kwenye evapareta, maana mvuke wa siki, ndimu na vyakula vyenye asidi hula shaba taratibu. Ikivuja ibadilisheni nzima, msitie kiraka: palipooza tundu moja, mengine yako njiani.

Draya mpya ni lazima kila sakiti inapofunguliwa. Ifungeni mwisho, ikitazama chini upande wa kapilari, na kapilari iingie kama sentimita moja bila kugusa wavu. Mafuta ya R134a hunyonya unyevu, kwa hiyo msiache bomba wazi zaidi ya dakika 15. Vuteni kwa pampu hadi maikroni 500 (kipimo cha utupu), fungeni vali, subirini dakika 10. Ikipanda kisha ikasimama kuna unyevu, ikipanda bila kusimama bado panavuja.

Gesi mpya ipimwe kwa mizani, si kwa kusikiliza. Kibao kikiandika aunsi, zidisha kwa 28.35: aunsi 6 ni gramu 170.

Mkilazimika kulivuta litoke, kumbukeni mashine iko juu na uzito wake wote unapita kilo 200. Kifunga cha kuzuia kupinduka kikishafunguliwa, milango isifunguliwe hata kidogo hadi lirudi mahali pake.

Baada ya hapo acheni saa 24, wekeni kipimajoto ndani ya glasi ya maji shelfu ya kati. Kikisoma 3 au 4 na kompresa inapumzika, mmemaliza.