"Hereby" kwenye mkataba: niiache au niiondoe?

mtafsiri_mgeni: Wakuu, salaam. Natafsiri mkataba wa Kiingereza wa kuchapisha kitabu, na "hereby" imejaa kila aya. Kuna "The Author hereby assigns", halafu chini "The Publisher shall hereby pay". Nikiiondoa, maana inabadilika?

karani_wa_hati: Inategemea imekaa wapi. Kazi yake ni kuonyesha kwamba tendo linatimia kwa maneno yenyewe. Saini zikishawekwa chini ya "hereby assigns", haki zimehama, hakuna hatua nyingine ya kungoja. Ndiyo maana inaandamana na vitenzi kama kuteua, kujiuzulu, kukabidhi na kutengua, katika wakati uliopo. Mwanafalsafa J. L. Austin aliifanya kipimo cha vitenzi vya aina hiyo: "I hereby resign" inakubalika, "I hereby run" ni kichekesho.

Hiyo "shall hereby pay" ni makosa. Fedha hazilipwi kwa kuandikwa. Huo ni wajibu wa baadaye. Tafsiri "atalipa", basi.

sheria_kidogo: Na msiione pambo. Kwenye kesi ya Chuo Kikuu cha Stanford na kampuni ya dawa ya Roche, Marekani, kuhusu haki za uvumbuzi, mtafiti alikuwa amesaini na chuo "agree to assign" (nakubali kuhamisha), kisha akasaini na kampuni ya Cetus, ambayo haki zake baadaye zilinunuliwa na Roche, "do hereby assign" (nahamisha kwa hati hii). Mwaka 2009 mahakama ya rufaa ikasema ya kwanza ni ahadi tu, ya pili ndiyo uhamisho wenyewe. Mwaka 2011 Mahakama ya Juu iliacha matokeo yasimame, ingawa kwa hoja nyingine. Ila tuseme kweli, kilichomponza Stanford hasa ni "agree to". "Assigns" tupu kwa kawaida ingetosha.

mtafsiri_mgeni: Nimekupata mkuu. Kwa Kiswahili je?

karani_wa_hati: Taja hati yenyewe: "kwa mkataba huu", "kwa barua hii". Hapa usiiondoe ovyo, maana "Mwandishi anahamisha haki" inaweza kusomeka kama jambo linaloendelea au la mazoea. "Kwa mkataba huu, Mwandishi anahamishia Mchapishaji haki zote" haina utata. Vitenzi vikifuatana kwenye sentensi moja, itaje mara moja mwanzoni.

Halafu usiichanganye na "herewith". Hiyo ni ya viambatisho: "pamoja na barua hii".