Naomba ushauri: nitengeneze kompyuta ya Commodore 64 ya zamani au ninunue mpya?

Ndugu wanachama, habari zenu. Ninaishi Ujerumani na nina Commodore 64 ya zamani isiyowaka, ambayo nashuku iliharibiwa na adapta yake ya umeme, kwani adapta zile zikizeeka hupandisha volti 5 kupita kiasi na kuunguza chipu za kumbukumbu. Wakati natafuta vipuri, nimevutiwa na Commodore 64 Ultimate, iliyotangazwa mwaka 2025 baada ya kundi linaloongozwa na Christian Simpson kulichukua jina la kampuni ya Commodore, iliyofilisika mwaka 1994. Ilipotangazwa, bei yake ilianzia takriban dola 300, nayo hutumia chipu ya FPGA, inayopangwa ndani ifanye kazi kama saketi za mwaka 1982, na bado inapokea katriji za zamani.

Wapenzi wa siku nyingi wamegawanyika, na siwalaumu wenye mashaka: ile C64x ya mwaka 2011, iliyouzwa kwa jina la Commodore, ilikuwa kompyuta ya kawaida iliyovishwa gamba la zamani. Hii naiona tofauti, ila sauti ya SID, chipu ya muziki na milio ya Commodore 64, ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Je, aliyezisikia zote mbili, ya zamani na hii mpya, anaona tofauti? Na fundi angeanza kupima wapi kwenye yangu?