Zamu za sikukuu: mnatukopa siku zetu na hamlipi

Ndugu zangu wauguzi, na nyinyi mnaotuletea wagonjwa wenu, leo nasema bila kumung'unya maneno: hospitali zinatukopa sikukuu zetu na hazina nia ya kuzirudisha. Mimi ni muuguzi wa wadi katika hospitali ya binafsi hapa Kampala. Jina lake silitaji, maana wanaofanya hivi ni wengi, na nina hakika wenzangu wa kwingine wakisoma watadhani nimeandika habari za kwao.

Kazi ya sikukuu siikatai. Anayesomea uuguzi anajua mapema kwamba wadi haifungwi. Uchungu wa uzazi hauangalii kalenda, na mtoto mwenye malaria kali hawezi kuambiwa asubiri mpaka watu warudi kutoka kijijini. Ninachokataa ni jinsi zamu hizo zinavyogawanywa, na jinsi ahadi zinavyotolewa kwa mdomo mwezi wa Desemba, kisha ikifika siku ya kulipa hakuna anayezikumbuka.

Mimi ni Mwislamu, Mnubi wa Bombo. Ratiba ya Desemba ikikaribia, sista inchaji, yaani muuguzi anayesimamia wadi na kupanga ratiba, huwa mpole ghafla. Anatuita pembeni sisi Waislamu: "Jamani, Krismasi si yenu, washikieni wenzenu waende kwao, na sisi Idd tutawaachia." Tunakubali, tena kwa moyo mweupe. Wenzetu hao ni watu wetu. Tumekesha nao, tumezika nao wazazi, wametufuturisha wadini kwa chai ya flaski zao. Nataka mwenzangu wa Mbale amwone mama yake. Basi tunashika mkesha wa Krismasi, tunashika Krismasi, tunashika siku ya pili yake, na mara nyingi hata mwaka mpya unatukuta tumevaa sare.

Kisha Ramadhani inaingia. Unamkumbusha inchaji. Jibu lake: "Mwezi haujatangazwa, sasa nikuandikie ofu ya siku gani?" Ratiba inatoka, umepangiwa mchana siku zote mbili ambazo Idd inaweza kuangukia. Unakwenda kwa metroni, mkuu wa wauguzi wa hospitali, naye anakwambia hana habari na ahadi hiyo, mlikubaliana na nani, iko wapi karatasi. Idd iliyopita wanangu walikwenda kuswali na shangazi yao. Mimi nilikuwa nabadilisha dripu huku nasikia takbira kutoka msikiti wa jirani. Na yule niliyemshikia Krismasi hakujua hata kwamba nilikuwa nadai siku yangu, kwa sababu hakuna aliyemuuliza kama anaweza kunishikia. Angenishikia. Aliniambia mwenyewe baadaye, kwa uchungu.

Hili la mwezi kutotangazwa nataka tulimalize hapa hapa, maana ni kisingizio cha kila mwaka. Ramadhani ina siku 29 au 30. Haina 31. Siku tuliyoanza kufunga ikishajulikana, Idd inaweza kuangukia moja kati ya siku mbili tu, na jambo hilo linajulikana wiki nne kabla. Idd ya kuchinja ni nyepesi zaidi: ni tarehe 10 ya Dhul Hijja, kwa hiyo mwezi ukishaandama, mpangaji ana zaidi ya wiki nzima ya kupanga watu wake. Idd zote mbili zimo katika orodha ya sikukuu za taifa la Uganda, sawa na Krismasi, sawa na Ijumaa Kuu. Mwandikie muuguzi ofu ya siku zote mbili. Idd ikishatangazwa, ile siku iliyobaki anarudi kazini. Kazi yote hiyo ni mstari mmoja kwenye ratiba. Anayeshindwa kuuandika ameamua kutouandika.

Na asije mtu hapa akaugeuza uzi huu kuwa wa Waislamu na Wakristo. Wenzangu Wakristo wanaumizwa vilevile. Chukueni tarehe 3 Juni, Siku ya Mashahidi wa Uganda. Barabara za kwenda Namugongo zinajaa mahujaji waliotoka kila pembe ya nchi hii, na wengine Kenya, Tanzania, Rwanda na Kongo, wengi wao kwa miguu, kuwakumbuka mashahidi 45 waliouawa kwa ajili ya imani yao, Wakatoliki 22 na Waanglikana 23. Mwenzangu mmoja aliiomba siku hiyo tangu Aprili, kwa maandishi, kwa kuwa parokia ya kwao ilikuwa inatembea. Alipangiwa usiku wa kuamkia siku hiyo. Alipouliza, aliambiwa kwamba Waislamu ndio waliokataa kumshikia. Hakuna Mwislamu hata mmoja aliyeulizwa! Tulikaa muda wadini hatusalimiani vizuri, watu tunaopokezana wagonjwa mahututi, kwa uongo wa mtu aliyeona uvivu kupanga ratiba. Na Msabato, ambaye siku yake ni Jumamosi ya kila wiki, anahesabiwa mkorofi kwa kuomba tu.

Halafu ratiba yenyewe inatoka lini? Inatupwa kwenye kundi la WhatsApp usiku, siku mbili tatu kabla ya sikukuu. Shirika la Kazi Duniani lilitoa Pendekezo namba 157 kuhusu wauguzi mwaka 1977, na humo limesema kwamba muuguzi ajulishwe ratiba mapema ya kutosha ili aweze kupanga maisha yake na ya familia yake. Mwaka 1977! Wengi wetu tulikuwa hatujazaliwa.

Na familia zenyewe ni hizi. Desemba shule zimefungwa, watoto wako nyumbani kutwa. Dada wa kazi naye ana kwao. Ikikaribia Krismasi anaomba ruhusa, na ukimnyima anaondoka asirudi. Majirani wamefunga milango wamekwenda vijijini. Sasa mama mwenye mtoto mdogo anaambiwa leo usiku kwamba kesho kutwa ana zamu ya masaa kumi na mawili. Mtoto amwache na nani? Namjua aliyekuja na mtoto wake akamlaza kwenye chumba cha kubadilishia nguo, juu ya khanga. Aliandikiwa barua ya onyo. Aliyempangia zamu hakuandikiwa kitu.

Usafiri nao. Zamu ya mchana inaisha saa mbili usiku. Siku ya Krismasi saa hizo teksi ni za kutafuta kwa tochi, na mwenye boda anataja nauli aitakayo. Wengine wamelewa, na unapanda hivyo hivyo. Tumeomba gari la hospitali lituzungushe kwa siku hizo chache tu. Tumejibiwa kwamba mafuta hayamo kwenye bajeti.

Watu wa nje hawajui wadi ya sikukuu ilivyo, acha niwaeleze. Wagonjwa wenye nafuu wanaruhusiwa kabla, kwa hiyo vitanda vinabaki na walio hoi. Ndugu wa kuuguza wanapungua, na hapa Uganda ndugu ndiye anayemwogesha mgonjwa, anayemlisha, anayekimbia nje kununua dawa isiyopatikana ndani. Kazi hiyo yote inahamia kwa muuguzi. Daktari wa zamu yuko nyumbani, anapatikana kwa simu. Maabara ina mtu mmoja. Jioni wanaanza kuingia wa ajali: boda zilizogongana, vijana waliopasuana kwa chupa, mtoto aliyemwagikiwa na mafuta ya kukaangia. Mwenye kisukari aliyekula kwa sababu watu wote walikuwa wanakula. Mzee wa presha aliyeacha vidonge mjini akasafiri bila hivyo, karudishwa kwa gari la kukodi akiwa hawezi kusema.

Damu nayo inakuwa adimu kipindi hicho. Wachangiaji damu wengi nchini ni wanafunzi. Shule zikifungwa, akiba inashuka. Mama akitokwa na damu nyingi baada ya kujifungua usiku wa Krismasi, anayesimama pale ni mkunga na mikono yake. Anakanda tumbo la uzazi, anaweka dripu, anapiga simu huku na huku kutafuta chupa moja ya damu. Na huyo mkunga mara nyingi ameunganisha zamu, mchana na usiku, kwa kuwa mwenzake hakutokea na hakuna wa kumpokea. Macho yanamuuma, miguu imevimba. Ndiyo maana nawaambia nyinyi wenye wagonjwa kwamba jambo hili ni lenu pia. Mnapokuja saa tisa za usiku mnatuita "musawo, musawo, njoo", yaani mganga, mganga, mnataka aje mtu ambaye akili yake bado inaweza kupiga hesabu ya dawa ya mtoto wa kilo nane. Ratiba mbovu inawanyima mtu huyo.

Sasa sheria. Sheria ya Ajira ya Uganda ya 2006 inampa mfanyakazi haki ya kupumzika kila sikukuu ya taifa kwa malipo kamili. Akifanya kazi siku hiyo, arudishiwe siku nyingine ya mapumziko yenye malipo, au alipwe si chini ya mara mbili ya siku ya kawaida. Kwetu sisi hatupati hili wala lile. Nilipokwenda ofisi ya utumishi kuuliza, nilijibiwa kwamba wauguzi wanapikiwa pilau na kupewa soda siku ya Krismasi, na hiyo ndiyo shukrani ya hospitali. Pilau si mshahara! Sikwenda kuomba chakula, nilikwenda kudai siku yangu.

Nimerudi kuongeza, maana nimeona majibu ya mwanzo.

Mmoja ameandika kwamba uuguzi ni wito, tuache kuhesabu siku na pesa. Ndugu yangu, wito ndio ulionileta na ndio unaonikesha. Lakini mhasibu wa hospitali hiyo hiyo yuko kwao sikukuu nzima na mshahara wake umetimia, na hakuna anayemhubiria wito. Kila tarehe 12 Mei, Siku ya Wauguzi Duniani, wakubwa wanasimama mbele yetu wanatuita mashujaa. Mimi hotuba siihitaji. Nahitaji kuswali Idd na wanangu nikiwa nimeshika zamu yangu ya Krismasi kama nilivyoahidi.

Mwingine ameuliza kwa nini tusibadilishane zamu wenyewe kwa wenyewe. Tunajaribu, kaka. Kubadilishana kunataka sahihi ya inchaji, naye wengine anawakatalia na wengine anawasainia, na watu wote wadini wanajua nani ni nani. Kuna majina ambayo hayajawahi kuonekana kwenye zamu ya usiku wa sikukuu yoyote. Ukiuliza, unaambiwa una wivu.

Na dada aliyeandika kwamba anaogopa kufukuzwa akisema: ile sheria ya 2006 imetamka kwamba kupeleka malalamiko dhidi ya mwajiri si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi. Malalamiko yanapokelewa na afisa wa kazi wa wilaya. Weka nakala za ratiba zako zote, hata zile za WhatsApp, usifute kitu. Na usiende peke yako.

Tunachodai si kikubwa. Kila wadi iwe na daftari la sikukuu. Humo liandikwe jina la aliyeshika zamu, sikukuu aliyoishika, na tarehe atakayorudishiwa, asaini yeye na asaini inchaji. Dawa ya deni ni kulipa, lakini kwanza deni liandikwe, ili metroni asituulize tena karatasi iko wapi. Maombi ya sikukuu za mwaka yakusanywe mapema, kila mtu ataje mbili anazozithamini kuliko zote, na aliyenyimwa mwaka huu atangulie mwaka ujao. Ratiba ya Desemba ibandikwe Novemba. Gari litoke saa mbili usiku siku za sikukuu, tushushwe barabara kubwa iliyo karibu na nyumbani.

Barua tumeshaiandika, Waislamu na Wakristo wa wadi yetu tumesaini pamoja, na Jumatatu inafika kwa mkurugenzi, nakala kwa chama cha wauguzi na wakunga. Wenye hospitali ambazo tayari zina daftari la namna hii, tafadhali andikeni hapa linavyoendeshwa: nani analitunza, na siku ya kurudishiwa ikigongana na upungufu wa watu mnafanyaje, maana hilo ndilo swali la kwanza tutakaloulizwa. Na mwenye ratiba ambayo jina lake limo kwenye kila sikukuu, aipige picha, afunike majina ya wenzake, aiweke hapa kabla ya Jumatatu. Tutaiambatanisha.