Mshahara unaisha tarehe 12 na kodi ya nyumba inakaribia: nianzie wapi?

Mama wa Mbagala

Heshima kwenu, wakubwa kwa wadogo. Naandika nikiwa na mzigo moyoni, na ninaomba ushauri hasa kwa aliyewahi kupita njia hii. Mkataba wa udereva wa mume wangu haukuongezwa tangu mwezi wa 3, na sasa anategemea vibarua vinavyompa shilingi 10,000 siku anapobahatika, fedha ambayo huishia sokoni siku hiyohiyo. Mimi ni karani, na mshahara unaoingia mkononi ni 520,000. Tuna watoto watatu, wawili wakiwa shule ya msingi ya serikali, ambako ada hakuna lakini michango ya uji, mitihani na tuisheni haikauki.

Kwa siku 14 nimeandika kila shilingi inayotoka, nikitumia kurasa za nyuma za daftari la Hesabati la binti yangu. Nauli ni 2,400 kila siku ya kazi. Mkaa ni makopo mawili kwa siku, yaani 3,000, ambayo kwa mwezi ni 90,000, na sikuwahi kuijumlisha mpaka nilipoiona kwenye karatasi. Dukani kwa Mangi nadaiwa 74,000. Kodi ya nyumba ni 120,000 kwa mwezi, ila mwenye nyumba huchukua ya miezi sita kwa pamoja, na tarehe 1 mwezi wa 7 atahitaji 720,000 wakati nilichoweka ni 240,000.

Lililo zito zaidi ni hili. Mtoto wetu wa mwisho alipougua nilichukua mkopo wa kausha damu wa 200,000, ambao narejesha 10,000 kila siku kwa siku 26, na zimebaki siku 14. Mume wangu hajui. Nafikiria kujitoa kwenye kikoba, ambako nimeweka 10,000 kila wiki tangu Januari, ili nimalize deni hilo. Je, nitakuwa nimefanya busara?

Mhasibu Mstaafu

Pole sana, binti yangu. Kuandika matumizi kwa siku 14 ni kazi ambayo watu wengi wenye mishahara mikubwa kuliko wako hawajawahi kuifanya.

Usijitoe kwenye kikoba. Katiba za vikundi vingi humkata au humsubirisha anayeondoka kabla mzunguko haujaisha, kwa hiyo unaweza kupoteza nafasi yako na fedha usiipate kwa wakati. Omba mkopo badala yake. Tuseme kikundi chako kinatoza asilimia 10 na kukuruhusu kurejesha kwa miezi mitatu: ukikopa 140,000 ukamalizana na kausha damu, utarejesha 154,000, yaani takribani 51,000 kwa mwezi. Nakueleza wazi kwamba hapo utakuwa umeongeza gharama ya 14,000, kwa sababu riba ya kausha damu umekwisha kuikubali tangu siku ya kwanza, isipokuwa mkopeshaji akubali kukupunguzia ukilipa mapema, na hilo muulize kabla hujampa shilingi yoyote. Unachonunua kwa hiyo 14,000 ni pumzi, kwa maana 10,000 ya kila asubuhi inakoma na mshahara unaanza kufanya kazi yake. Ila usirudi tena kule, kwani 60,000 juu ya 200,000 ni asilimia 30 kwa muda usiofika hata mwezi mmoja. Deni la Mangi halina riba. Mpelekee 15,000 kila mwisho wa mwezi bila kukosa, naye ataendelea kukuheshimu.

Kuhusu kodi, usisubiri mwezi wa 7. Nenda kwa mwenye nyumba sasa, ukiwa na mume wako, mwombe mlipe miezi mitatu, yaani 360,000. Una 240,000, hivyo utahitaji kuongeza 60,000 kwa kila mwezi kati ya hii miwili iliyobaki. Mkikubaliana, andikishaneni. Tena umkumbushe na jambo dogo ambalo wapangaji wengi huliacha lipite: kodi ya jengo, ambayo tangu mwaka 2021 hukusanywa kupitia LUKU na sasa ni 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, ni wajibu wa mwenye jengo. Kama mnatumia mita moja, anayetangulia kununua umeme mwezi unapoanza ndiye anayekatwa. Tunza ujumbe wa kila manunuzi ili mwenye nyumba aipunguze kwenye kodi yako. Kwa mwaka ni 18,000.

Mama Lishe Tandika

Dada yangu, mimi nazungumzia jiko, maana hiyo 90,000 ya mkaa imeniuma. Muuzaji wa kopo hupanga vipande vikubwa kwa kuvikingamisha, juu panaonekana pamejaa na chini pana uwazi. Ukimimina kwenye karai unakuta kopo halikuwa kopo. Watu hutushauri tununue vitu kwa jumla kana kwamba mtaji wa jumla huokotwa njiani. Anza na kitu kimoja tu. Mimi niligawana gunia la mkaa na jirani, 40,000 kila mmoja, na nusu yangu ya nyumbani ilipita wiki tatu. Mwezi uliofuata ndipo nilipogusa mafuta ya kula, nikaacha kupimiwa vichupa na kununua dumu la lita tano.

Maharage yaloweke usiku kucha na umwage yale maji, kisha uchemshe ya siku tatu kwa moto mmoja, ukiunga kila siku kiasi cha siku hiyo. Usipunguze dagaa na mboga za majani kwa ajili ya kubana matumizi, watoto wanakua.

Mjomba wa Kilosa

Nimesoma yote, na naona kuna jambo wenzangu wamelipita kwa heshima. Mwambie mume wako kuhusu kausha damu leo, kabla hujafika kwa mwenye nyumba. Wakusanyaji wa mikopo hii hawaoni haya kuja kubeba televisheni mbele ya majirani, na mwanamume aliyekwisha kupoteza kazi akilikuta hilo mlangoni pake ataumia mara mbili. Mpe daftari alisome mwenyewe. Hukukopa kwa anasa, ulikopa kwa ajili ya mtoto wake.

Mama wa Mbagala

Nawashukuru sana. Nilimpa daftari Jumamosi usiku watoto walipolala. Alisoma ukurasa mmoja mmoja akifuata mistari kwa kidole, akanyamaza muda mrefu, kisha akaniuliza kwa nini nilibeba peke yangu. Nilikosa jibu. Jumapili tulikwenda kwa mwenye nyumba pamoja, naye amekubali miezi mitatu kwa safari hii moja, na karatasi tumeandikishana. Kikoba kinakutana Alhamisi. Mwenyekiti ameniambia nije na mdhamini mmoja. Nusu gunia la mkaa mume wangu amelileta jana kwa baiskeli ya kuazima, na sasa daftari anaandika yeye.