Mfumo wa zamani haujawahi kusumbua, niuguse au niuache?

mrithi_wa_kodi: Wakuu habari za muda huu. Kazini nimeachiwa mfumo wa stoo na mauzo, umeandikwa kwa PHP 5.6 (PHP ni lugha ya kuandikia programu za wavuti) na jamaa aliyeuandika alishaondoka zamani. Unapiga kazi fresh tu. Mi nataka tuupandishe hadi PHP 8, bosi anasema kinachofanya kazi hakiguswi. Nani yuko sahihi maana tumebishana mpaka basi

kiraka: Mkuu 5.6 iliacha kupewa viraka vya usalama (marekebisho ya kuziba mashimo) mwisho wa 2018, shimo lolote lililogunduliwa baada ya hapo ni lenu wenyewe. Hiyo ya "haujawahi kusumbua" achana nayo, WannaCry, ile programu ya kufunga mafaili na kudai pesa, ilipopita Mei 2017 zile kompyuta ilizozikumba jana yake zilikuwa zinapiga kazi fresh vilevile, na kwa Windows zilizokuwa bado zinahudumiwa kiraka kilishatoka tangu Machi, watu wakakipuuza.

seva_na_chai: Kiraka usimtishe mwenzio, vipya navyo vina balaa lake. Ule mlango wa siri uliopandikizwa kwenye xz (programu ya kubana mafaili kwenye Linux) mwaka 2024 ulikuwa kwenye vesheni 5.6.0 na 5.6.1, mpyaaa, waliobaki za nyuma haukuwagusa. Heartbleed ya 2014, shimo la OpenSSL (programu ya kufunga mawasiliano kwa siri), hivyohivyo, wenye OpenSSL 0.9.8 walilala usingizi wao. Umri sio kesi, kesi ni kama kuna mtu bado anakihudumia. Debian stable (toleo tulivu la Linux) ukisoma namba za vesheni unaona vitu vya kale kumbe viraka wanavichomekea humohumo ndani. Sasa mrithi tuambie, huo mfumo unafikika kutoka intaneti au ni mtandao wa ndani tu?

mrithi_wa_kodi: Intaneti, matawi yote yanaingilia kwa brauza

seva_na_chai: Basi bosi hana kesi 😂 Ila usikurupuke. Wiki hii uweke nyuma ya VPN (njia ya faragha, wasio wenu wasiufikie) upumue, halafu chukua kopi yake kwenye seva ya majaribio ndo uanze kubomoa huko. Na bakapu irudishe kabisa uone inakubali, bakapu ambayo hujawahi kuirudisha hiyo ni imani tu.

kiraka: Na usiruke moja kwa moja hadi 8, pitia 7.4 uwashe maonyo yote, yatakuonyesha mengi yatakayokufa mbele (usikae hapo lakini, 7.4 nayo iliachwa 2022). Kinachoniogopesha zaidi ni ulinganisho. Kwenye 5.6 ukilinganisha 0 na neno kama "haipo" kwa == unapata kweli, kwenye 8 unapata si kweli, na hakuna onyo lolote, utashangaa tu hesabu za stoo hazikai sawa.

mrithi_wa_kodi: Duh. Na mysql_query (fanksheni ya zamani ya kuuliza database) iko karibu kila faili, si nibadilishe zote kwa mpigo ziwe mysqli_query?

seva_na_chai: Weee! mysqli_query inataka koneksheni kwanza ndo swali, kinyume na ile ya zamani. Tengeneza faili moja yenye fanksheni yako mwenyewe uiite mysql_query, ndani yake iite mysqli, jina liko huru tangu PHP 7. Kisha unahamisha faili moja moja kwenda PDO (njia nyingine ya PHP ya kuongea na database), na anza na zinazopokea vitu kutoka kwenye fomu.