Mkono wa mama umevimba baada ya upasuaji wa titi, na kila mtu anatupa ushauri wake

Mwanapangani anauliza:

Shikamooni wakubwa, na kwa wengine habari za leo. Ninaandika kwa ajili ya mama yangu mzazi, mwenye umri wa miaka 61, ambaye ninaishi naye hapa Tanga. Mwaka juzi aliondolewa titi la kulia pamoja na tezi za kwapani, akamaliza dripu za kemo na baadaye mionzi, na katika kliniki ya mwisho daktari alituambia kwamba haoni tena dalili za saratani. Lakini tangu Ramadhani iliyopita mkono wa upande uleule umeanza kuvimba. Mwanzoni ulikuwa ukijaa jioni na kunywea usiku. Siku hizi anaamka nao umejaa, anasema ni mzito, na pete yake ya ndoa tulilazimika kwenda kwa sonara aikate.

Kinachonichanganya ni wingi wa ushauri. Majirani wanasema ni matende. Mjomba alimleta mkandaji akauchua kwa mafuta ya moto kwa nguvu zake zote, na usiku ule mama hakulala kwa maumivu. Zahanati moja ilimpa vidonge vya kuongeza mkojo, akakojoa kweli, lakini mkono ukabaki vilevile. Sasa shangazi anataka achanjwe chale ili maji yapate pa kutokea. Zaidi ya hayo, alipotoka hospitali mtu fulani alimwambia asiutumie kabisa mkono ule, naye ameshika neno hilo kama amri: hakuni nazi, hafui, hafagii, na akiingia mgeni anauficha chini ya mtandio. Mimi ninayemfahamu naona kwamba hilo la kuficha linamuumiza kuliko uvimbe wenyewe.

Naomba kujua: je, hii ni saratani iliyorudi? Je, hali hii hupona? Na sisi nyumbani tufanye nini, tukizingatia kwamba Dar es Salaam ni safari ndefu ya basi kwake?

Mfiziotherapia wa Moshi:

Pole sana, mdogo wangu, na umfikishie mama shikamoo yangu. Kabla ya maelezo yoyote, nakuomba usimamishe mambo matatu leo hii: mkandaji, vidonge vya mkojo kama alipewa kwa ajili ya mkono tu, na hasa hizo chale. Kila tundu kwenye ngozi ya mkono ule ni mlango wa vijidudu, na kwa hali aliyonayo mama, kidonda kidogo kinaweza kuwa ugonjwa wa kulazwa.

Hali hii huitwa limfedema. Damu ikizunguka, sehemu ya maji yake huvuja na kuingia katikati ya nyama za mwili ikiwa na protini ndani yake, na mishipa ya limfu (ndilo jina la maji hayo yakishaingia humo), ambayo ni myembamba sana, huyakusanya, huyapitisha kwenye tezi, kisha huyarudisha kwenye damu karibu na shingo. Wagonjwa wangu hapa Kilimanjaro huwaeleza kwa mfano wa mifereji ya mashambani: ukiziba mfereji mmoja, maji hayakomi kuja, bali hufurika shamba la karibu mpaka yapate njia nyingine. Tezi za mama zimeondolewa, na mionzi imeacha makovu mahali palepale. Ndiyo maana vidonge havikusaidia. Dawa ile hupunguza maji ya damu, lakini protini hubaki mkononi, nayo huyavuta maji tena. Mafuta ya moto nayo huongeza damu inayoingia mkononi, na kuchua kwa nguvu huumiza mishipa ile michache iliyobaki.

Kuhusu matende, siwalaumu majirani, kwa kuwa pwani ya Tanga inayajua kwa muda mrefu. Matende husababishwa na minyoo inayoenezwa na mbu, na mara nyingi huonekana miguuni, au kama busha kwa wanaume. Minyoo ile huharibu mishipa hiihii ya limfu, na kwa sababu hiyo uvimbe hufanana, lakini dawa ya minyoo haitausaidia mkono wa mama, na yeye hamwambukizi mtu yeyote.

Je, ni saratani? Mara nyingi sivyo. Miongoni mwa wanawake walioondolewa tezi nyingi za kwapani, takriban mmoja kati ya watano hupata uvimbe huu, na unaweza kujitokeza miezi au hata miaka baadaye. Hata hivyo, uvimbe mpya ni lazima uonwe na daktari kabla ya kufungwa bandeji yoyote, kwa maana damu iliyoganda kwenye mshipa, au tezi zilizovimba upya, zinaweza kuuanzisha. Mwende haraka zaidi ikiwa umeongezeka kwa siku chache tu, ikiwa una maumivu makali, ikiwa vidole vimepoteza nguvu, au ikiwa mnapapasa kinundu kwapani au juu ya mtulinga. Anzeni na hospitali ya rufaa ya mkoa hapo Bombo, muulizie kliniki na huduma ya fiziotherapia, na kama mionzi aliipata Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, wajulisheni wao pia.

Ama kupona, nitasema ukweli: hali hii haifutiki, lakini hupungua na hutawaliwa, na inavyowahiwa ndivyo inavyotii. Mbonyeze mama mkononi kwa dole gumba kwa sekunde kumi hivi. Shimo likibaki, uvimbe ungali wa maji, na hiyo ni habari njema. Ukikuta pagumu pasipobonyea, maana yake nyama zimeanza kukakamaa na mafuta kujijenga, na kazi huwa ndefu.

Tiba ina vipindi viwili. Katika kipindi cha kwanza, ambacho huchukua wiki mbili hadi nne hivi, mtaalamu huufunga mkono kwa tabaka za bandeji zisizovutika sana, kuanzia vidoleni hadi karibu na bega, huku mgonjwa akifanya mazoezi akiwa amefungwa. Bandeji hizi siyo zile za mpira mnazoziona madukani, kwa hiyo msimfunge wenyewe kabla hamjafundishwa. Bandeji iliyokaza juu kuliko chini hugeuka kuwa kizuizi. Pamoja na hayo huja kusukuma limfu kwa mkono, utaratibu ulioanzishwa katika miaka ya 1930 na Emil Vodder, Mdenmarki, akiwa na mkewe Estrid walipokuwa Ufaransa. Watu hushangaa jinsi ulivyo mwepesi. Kiganja huvuta ngozi tu, hakikandamizi nyama, na kazi huanzia mbali: shingoni kwanza, kisha kwapa lisilo na tatizo la upande wa pili na kinena cha upande ulioathirika, na mkono wenyewe hufuata mwisho. Ni lazima mifereji ya mbele ifunguliwe kabla ya kuyasukuma maji. Kipindi cha pili ni cha kuutunza mkono uliopungua kwa soksi maalumu ya kubana, na hicho ni cha maisha.

Mama wa Kisauni:

Mwanangu, mimi ni mkaazi wa Mombasa, na mkono wangu wa kushoto ni mwaka wa tisa sasa tangu uanze kuvimba. Mtaalamu amesema vyema, nami nitaongeza yale ambayo mtu huyajua kwa kuishi nayo.

Soksi ya kwanza niliinunua mwenyewe dukani bila kupimwa, nikidhani kubana ni kubana tu. Ilikaza juu ya kiwiko, na kwa sababu haikuwa na sehemu ya kiganja, maji yote yakakimbilia vidoleni. Mkono wa juu ulinywea na kiganja kikafura hata sikuweza kushika kijiko. Kwa hiyo mama apimwe kwa tepu mahali kadhaa, na kama kiganja chake kimevimba apewe na glavu yake. Asikubali kuikunja soksi juu ikiwa ni ndefu, kwani mkunjo mmoja hubana mara mbili. Mimi ninazo mbili, moja mwilini na moja kwenye kamba, naifua kila siku kwa sabuni laini na kuianika kivulini, na baada ya miezi sita hivi huwa imelegea, hivyo natafuta nyingine. Gharama yake naijua inavyouma, lakini nimeona kwamba kuvaa iliyolegea ni sawa na kutovaa.

Huivaa asubuhi, kabla mkono haujashuka na kujaa. Joto la pwani ni mtihani mkubwa, hasa kuanzia Januari mpaka mvua zianze, nami katika miezi hiyo hufanya kazi za jikoni alfajiri na kukaa mbali na jiko la mkaa mchana. Naosha mkono kwa sabuni, naukausha hata katikati ya vidole, na kupaka mafuta ya nazi ngozi isipasuke. Wembe kwapani nimeuacha. Navaa glavu nikipara samaki, kwa maana mwiba wa changu mmoja ulinilaza hospitalini siku nne. Usiku nalala ndani ya chandarua bila kukosa, na mkono nauweka juu ya mto.

Kuhusu mtandio, mwambie mama nami nilijificha kwa muda mrefu, mpaka fundi aliponishonea madera yenye mkono mmoja mpana zaidi. Ni jambo dogo, lakini siku nilipohudhuria harusi bila kufikiria mkono wangu nililia kwa furaha.

Baba Salma:

Nawashukuru nyote kwa maelezo, ila kuna jambo ninalotaka tulijadili kwa makini. Mke wangu alifanyiwa upasuaji kama huo, naye aliagizwa asibebe kitu chochote kinachozidi kilo mbili. Tumelifuata agizo hilo kwa miaka minne, na sasa bega lake limekuwa gumu kiasi kwamba hawezi kujisuka wala kufunga kitambaa kichwani. Nikisoma hapa naona mnazungumzia mazoezi. Je, tulikosea?

Mfiziotherapia wa Moshi:

Hamkukosea, kaka, mlifuata mafundisho ya wakati wake, na wengi wetu tuliyafundisha hivyo. Yamebadilika kwa sababu yalipimwa. Mwaka 2009 jarida la tiba la New England la Marekani lilichapisha utafiti ulioongozwa na Kathryn Schmitz, uliowahusisha wanawake 141 waliokuwa tayari na uvimbe wa mkono baada ya saratani ya titi. Nusu yao walifundishwa kunyanyua vyuma wakiwa wamevaa soksi ya kubana, wakianza na uzito mdogo sana na kuupandisha polepole chini ya usimamizi. Mikono yao haikuvimba zaidi kuliko ya wenzao, nguvu ziliongezeka, na vipindi vya uvimbe kulipuka vikapungua. Sababu yake inaeleweka: limfu haina moyo wa kuisukuma, na misuli inayojikunja na kujikunjua ndiyo msaada mkubwa wa mishipa yake.

Kwa hiyo hatari haimo katika kazi yenyewe, bali katika kuirukia ghafla. Mwanamke aliyekaa miaka minne bila kunyanyua kitu, akibeba ndoo ya lita 20 siku moja ya msiba, atavimba. Huyohuyo akianza na chupa ya nusu lita ya maji, akaongeza kidogo kila wiki na kuuangalia mkono jioni, mara nyingi atafika mbali. Kwa bega gumu la mke wako, aanze kwa kusimama mbele ya ukuta na kupandisha vidole taratibu mpaka anapohisi mvuto, pasipo maumivu makali, na kuvuta pumzi ndefu za tumboni, kwa kuwa pumzi hizo pia husaidia limfu kupanda kifuani. Kama bega haliendi, apelekwe kwa mtaalamu alifanyie kazi.

Muuguzi wa wodi:

Naomba niongeze jambo moja ambalo lisisubiri kliniki. Mkono ukiwa mwekundu ghafla, ukawa wa moto na kuuma, na mgonjwa akapata homa au kutetemeka, huo ni uambukizo wa ngozi, na anahitaji antibiotiki siku hiyohiyo, hata kama ni saa nane za usiku. Msimsukume limfu wala kumfunga bandeji mpaka homa ishuke na daktari aruhusu. Kila uambukizo huharibu mishipa mingine na kuuacha mkono mkubwa kuliko ulivyokuwa, ndiyo sababu wauguzi tunakuwa wakali kuhusu jambo hili. Suala la kupima presha na kuchoma sindano huulizwa sana pia: tumieni mkono wa upande mwingine inapowezekana, lakini tafiti za miaka ya karibuni hazijaonyesha kwamba kipimo kimoja cha presha huleta uvimbe, kwa hiyo katika dharura mama asiogope kutibiwa.

Mwanapangani:

Nawashukuru kutoka moyoni, na nimemsomea mama kila neno. Tumebonyeza kwa dole gumba na shimo limebaki. Nimeazima tepu ya fundi cherehani, nikapima mikono yote miwili mahali palepale, kwenye kifundo, katikati ya kigasha, kwenye kiwiko na juu yake, na kigasha cha kulia kimezidi cha kushoto kwa sentimita tatu na nusu. Nimeyaandika kwenye daftari pamoja na tarehe na saa, ili niwe napima asubuhi ileile kila wiki. Jumatatu tunakwenda Bombo, na nimemwomba mjomba kwa heshima asimlete tena mkandaji, akakubali baada ya kusikia ya mfereji.

Mama wa Kisauni, mama anakusalimu na anauliza fundi wako alitumia kitambaa gani. Leo asubuhi ameniambia nikaitoe mbuzi ya kukunia nazi stoo niioshe. Nimemwambia tusubiri kwanza daktari na soksi, kisha tutaanza na kizio kimoja.